Mtoto Anyamazaye Darasani

Mwalimu amesimama mbele ya darasa lenye watoto 60. Ameeleza hesabu za sehemu, ameandika mifano ubaoni, na sasa auliza swali. Mikono minne yainuka, yote ya watoto wakaao madawati ya mbele. Wale wengine 56 wameinamisha vichwa, na baadhi yao wajifanya kutafuta kalamu iliyoanguka chini. Mwalimu amchagua mmoja wa wale wanne. Jibu latolewa, nalo ni sawa. Ubao wafutwa, na somo laendelea. Kengele iliapo, mwalimu huandika katika kitabu chake kwamba somo la hesabu za sehemu limekwisha fundishwa. Lakini yafaa kuuliza: limefundishwa kwa watoto wangapi?

Jambo hili si geni. Kila mzazi aliyepata kupita karibu na dirisha la shule amelisikia, na kila mtu mzima aliyesoma alilijua tangu utoto wake. Aghalabu husemwa kwamba wale wanyamazao ni wajinga au wavivu, na kwamba dawa yao ni kukemewa. Walakini wengi wa watoto hao, watokapo nje wakati wa mapumziko, huonekana kuwa watu wengine kabisa. Husimulia hadithi ndefu bila kukwama, hugawana maembe kwa hesabu isiyokosea, na huamua ugomvi wa wenzao kama wazee wa baraza. Ni dhahiri, basi, kwamba ulimi wanao na akili wanazo. Ikiwa vitu hivyo viwili hufungwa mlangoni mwa darasa, yafaa ijulikane ni nini kinachovifunga, na jinsi mwalimu awezavyo kuvifungua.

KWA NINI MTOTO HUNYAMAZA

Sababu ya kwanza ni hofu ya aibu. Kujibu swali mbele ya wenzake 59 ni kujitoa hadharani. Mtoto akikosea, huchekwa. Na ikiwa mwalimu mwenyewe hucheka pamoja nao, siku hiyo mtoto huapa moyoni kwamba hatainua mkono tena. Mtu mzima naye hufanya vivyo hivyo katika mkutano. Kabla ya kuomba nafasi ya kusema, hutazama kwanza ni nani aliyekaa kwenye kiti cha mbele, na kama mtu huyo anamjua na kumheshimu. Mtoto hupima kwa mizani ile ile. Kabla ya kujiuliza, "Jibu ni lipi?" hujiuliza, "Nikikosea, mwalimu huyu atanifanya nini?" Ikiwa hajui, hunyamaza.

Sababu ya pili ni lugha. Mtoto wa kijijini huja shuleni na lugha ya mama yake, na katika lugha hiyo aweza kueleza habari ya ng'ombe aliyepotea tangu mwanzo hata mwisho. Baadaye hutakiwa aeleze mambo kwa Kiingereza. Zamani shule nyingi za Kenya zilikuwa na desturi ya kuwatia watoto haya kwa ajili ya lugha zao. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza habari hiyo katika kitabu chake Decolonising the Mind kilichotoka mwaka 1986: mtoto aliyesikiwa akisema Kigikuyu karibu na shule aliweza kupigwa viboko au kuvikwa shingoni kibao chenye maneno ya kumdhihaki. Mtoto aliyetendewa hivyo alijifunza upesi kwamba mdomo uliofungwa ni salama zaidi. Siku hizi sera ya elimu yataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mahali penye shule. Hata hivyo haya ya kukosea lugha bado imo ndani ya watoto wengi, na mtoto aonapo haya ya maneno yake, huficha pamoja nayo mawazo yake.

Sababu ya tatu haimo darasani hata kidogo. Yuko mtoto aliyeamka saa kumi za usiku, akateka maji, akawaogesha wadogo zake, ndipo akaanza safari ya shule. Yuko aliyelala bila kula. Yuko ambaye baba yake ni mgonjwa, na mawazo yake yote yamebaki nyumbani. Mwalimu asiyejua habari hizo huona kitu kimoja tu, yaani mtoto asinziaye. Humkemea kwa usingizi, na mtoto huona kwamba hata shuleni hakuna aliyeona taabu yake.

Sababu ya nne ni wingi wa watoto wenyewe. Mwezi wa Januari mwaka 2003 serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi, na idadi ya wanafunzi wa shule hizo ikapanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Ilikuwa ni baraka kubwa, kwa kuwa maelfu ya watoto waliokuwa wakichunga mbuzi au kuzurura mijini walipata nafasi ya kusoma. Lakini madarasa yalijaa kupita kiasi, na mwalimu aliyezoea kuwajua watoto 35 kwa majina na kwa wazazi wao alijikuta mbele ya nyuso 80 au zaidi. Katika umati kama huo ni rahisi sana mtoto kukaa mwaka mzima pasipo mtu ye yote kumwuliza neno.

YALIYOONEKANA NA WATAALAMU

Watu wengine hudhani kwamba kujuana na mwanafunzi ni tabia njema tu ya mwalimu mpole, wala hakuongezi elimu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali waonyesha vingine.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani aliyeitwa Mary Budd Rowe alisikiliza masomo mengi yaliyokuwa yamenaswa kwa mashine, akapima muda ambao mwalimu hungoja baada ya kuuliza swali. Aliona kwamba kwa kawaida walimu hungoja kama sekunde moja tu, kisha humtaja mtoto mwingine au hujibu wenyewe. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kusema, na mtoto aliyeulizwa akawa hakai kimya mara nyingi kama zamani. Jambo hili lafaa sana kuangaliwa katika shule ambazo mtoto husikia swali kwa lugha moja, hulifikiri kwa lugha nyingine, kisha hulirudisha kwa lugha ya kwanza. Sekunde moja haimtoshi kwa safari hiyo.

Uchunguzi mwingine ulitangazwa mwaka 1968 na Robert Rosenthal na Lenore Jacobson. Waliwaambia walimu wa shule moja ya California kwamba watoto fulani walitazamiwa kustawi sana mwaka ule. Kumbe majina yale yalichaguliwa kwa bahati tu, kama mtu apigavyo kura. Baadaye baadhi ya watoto hao, hasa wale wa madarasa ya chini, walionekana wamepanda katika kipimo cha akili kuliko wenzao. Wataalamu wengine walibisha juu ya ukubwa wa mabadiliko hayo, na ubishi huo umeendelea kwa miaka mingi. Lakini walimu wengi walitambua ndani yake jambo walilolijua. Mwalimu amtazamiapo mtoto mema, humwuliza swali gumu kidogo, humngoja, humsaidia akikwama. Na asipomtazamia lo lote, humpita. Mtoto huona haya yote, hata kama hakuna neno lililosemwa.

Mwaka 2007 Jeffrey Cornelius-White alikusanya pamoja matokeo ya uchunguzi 119 juu ya uhusiano wa mwalimu na wanafunzi wake. Kwa jumla alikuta kwamba penye mwalimu asikilizaye, aelewaye na atiaye moyo, wanafunzi hushiriki zaidi katika masomo, hufikiri kwa makini zaidi, na hawaachi shule upesi. Kwa hiyo ukaribu wa mwalimu na mwanafunzi ni sehemu ya kazi ya kufundisha, kama vile chaki na kitabu.

SHULE MOJA YA UPANDE WA NJORO

Mfano wa karibu waweza kuonekana katika Kaunti ya Nakuru. Mwezi wa Machi mwaka 2019 mwalimu mmoja wa Kenya, Peter Tabichi, alipewa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora wa dunia nzima, pamoja na dola milioni 1 za Kimarekani. Tabichi, ambaye ni bruda wa shirika la Wafransisko, alikuwa akifundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari ya Keriko, katika kijiji kiitwacho Pwani, upande wa Njoro.

Shule hiyo haikuwa na utajiri wo wote. Kwa taarifa zilizotolewa wakati wa tuzo ile, kulikuwa na tarakilishi moja tu, na mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi 58. Karibu theluthi ya wanafunzi walikuwa yatima au walikuwa na mzazi mmoja tu. Wengine walitembea kilomita 7 kufika shuleni, kwa njia zisizopitika wakati wa mvua. Tena sehemu zile za Bonde la Ufa zilikuwa zimepatwa na fujo na mauaji baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka 2007, na watoto wa makabila saba walikaa katika madarasa yale yale. Mtu aliyepata kuishi katika siku zile ajua maana yake. Mtoto aweza kunyamaza kwa sababu hana yakini na jirani aliyeketi naye dawati moja.

Mwalimu Tabichi na wenzake wanne walianza na jambo lisilohitaji fedha. Walikwenda katika nyumba za wanafunzi, wakakaa na wazazi au walezi, wakauliza habari ya taabu zinazomrudisha mtoto nyuma. Wale waliokuwa nyuma katika hesabu na sayansi walifundishwa mmoja mmoja nje ya saa za darasa na siku za mwisho wa juma. Ikaanzishwa klabu ya kukuza vipawa, klabu ya sayansi ikapanuliwa, na klabu ya amani ikawaunganisha watoto wa makabila yote saba.

Matunda yake yalionekana. Katika muda wa miaka mitatu idadi ya wanafunzi iliongezeka mara mbili ikafika 400. Makosa ya utovu wa nidhamu, yaliyokuwa yakifika 30 kwa juma, yalishuka hadi 3. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na masomo ya juu. Mwaka 2018 walioendelea walikuwa 26. Wanafunzi wa klabu ya sayansi walipata tuzo ya chama cha wanakemia wa Uingereza kwa kazi yao ya kutoa umeme katika mimea ya huko kwao, na wengine wakastahili kwenda Arizona, Marekani, kwa mashindano ya kimataifa ya sayansi ya mwaka 2019.

Ilisemwa sana wakati ule kwamba mwalimu huyo alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Hilo ni jambo la kusifiwa, lakini mwalimu mwenye watoto wake wa kulisha asikate tamaa akidhani kwamba bila kutoa mshahara hawezi kufanya lo lote. Kumwendea mzazi kwataka miguu na saa moja ya jioni. Tena mtoto ambaye mwalimu wake ameketi juu ya kigoda cha nyumbani kwao, akanywa chai ya mama yake, hawezi tena kumwogopa kama alivyomwogopa jana.

MAMBO YAWEZAYO KUFANYWA NA MWALIMU YE YOTE

Mwalimu mwenye darasa kubwa atasema kwamba hana nafasi ya kujuana na watoto 60. Basi na tuseme ahesabu. Akizungumza na watoto watano kila siku, dakika mbili kwa kila mmoja, atakuwa ametumia dakika 10 tu. Katika siku 12 za shule amewamaliza wote 60. Muhula haujafika nusu, naye amekwisha lizunguka darasa zima mara mbili. Haba na haba hujaza kibaba.

Mazungumzo hayo yaanze na jina. Jina lililoandikwa katika kitabu cha mahudhurio huenda likawa la ubatizo tu, wala nyumbani halitumiki. Mwalimu amwulize mtoto apenda kuitwaje, na alitamke jina hilo kama litamkwavyo kwao. Majina yenyewe ni mlango wa mazungumzo. Kwa Wajaluo, Otieno alizaliwa usiku na Akinyi alizaliwa asubuhi. Wambua na Mumbua wa Ukambani ni watoto wa mvua, kama walivyo Kiprop na Cherop kwa Wakalenjin. Mwanaidi wa pwani alizaliwa siku ya Idi. Mtoto aulizwaye maana ya jina lake huwa na jibu, na kwa wengine hilo litakuwa jibu la kwanza walilopata kutoa shuleni bila hofu.

Kisha maswali yawe mepesi. Ni nani akuamshaye asubuhi? Ufikapo nyumbani kazi yako ni ipi? Ni somo gani likutialo hofu? Asiulize kama polisi, wala asiandike mbele ya mtoto. Jioni aandike neno moja au mawili katika daftari lake mwenyewe: huyu huchunga ng'ombe Jumamosi, yule humsaidia mama yake sokoni, huyu haoni vizuri ubaoni, ahamishwe mbele. Daftari hilo lihifadhiwe vizuri, lisisomwe na mtu mwingine, kwa maana siri ya mtoto ni amana.

Halafu habari hizo ziingizwe katika somo. Tuseme mama wa mtoto mmoja huuza mahindi sokoni kwa gorogoro. Mtoto huyo amepima nusu gorogoro na robo gorogoro mamia ya mara, na hajapata kumpunja mnunuzi. Ajapoambiwa ubaoni kwamba nusu na robo ni robo tatu, huduwaa, lakini akiulizwa, "Mteja akinunua nusu gorogoro, kisha akaongeza robo, umempimia robo ngapi?" atajibu kabla mwalimu hajamaliza kusema. Ndipo mwalimu amwambie darasani kwamba hesabu hiyo ndiyo ile iliyoandikwa ubaoni. Mtoto huyo amegundua kwamba alikuwa akijua.

Tena mwalimu ajizoeze kungoja. Akiisha kuuliza, ahesabu kimoyomoyo hadi tatu au nne kabla ya kumtaja mtu. Kwa maswali magumu, watoto wapewe dakika moja wazungumze wawili wawili. Mtoto aogopaye kusema mbele ya watu 60 hamwogopi jirani yake, na akiisha kulijaribu jibu lake kwa mwenzake, hulileta mbele ya wote kwa moyo mkuu.

La mwisho, na pengine ni kubwa kuliko yote, ni jinsi kosa lipokelewavyo. Mtoto akijibu vibaya, mwalimu atafute katika jibu lake sehemu iliyo sawa, aitaje, kisha aulize jinsi alivyofika hapo. Mara nyingi kosa la mmoja ndilo kosa la watu 20 walionyamaza, na yule aliyelisema amewafaa wote. Wazee walisema kwamba kuuliza si ujinga. Darasa lisikie neno hilo kwa matendo ya mwalimu, na wachekao wenzao waonywe palepale.

HOJA ZA WANAOSITA

Labda mzee mmoja atasema, "Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Mwalimu akiwa rafiki wa watoto, nidhamu itatoka wapi?" Hoja hiyo yastahili kujibiwa kwa heshima. Kujuana hakumwondolei mwalimu ukubwa wake. Babu amjua kila mjukuu wake kwa jina na kwa tabia, wala hakuna asemaye kwamba wajukuu hawamheshimu. Kwa habari ya fimbo, sheria imekwisha sema. Mwaka 2001 serikali iliiondoa katika kanuni za shule. Katiba ya mwaka 2010 ikamlinda kila mtu na adhabu ya viboko. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya mwili kwa wanafunzi. Mwalimu aliyeitegemea fimbo peke yake amebaki mikono mitupu. Aliyewajua watoto wake bado ana nguvu, kwa sababu mtoto huona vibaya kumvunja moyo mtu amjaliye. Ile hesabu ya shule ya Keriko, ya makosa 30 yaliyoshuka hadi 3, ni ushahidi mzuri.

Mwingine ataogopa upendeleo. Hofu hiyo ni ya haki. Mwalimu akizungumza na watoto wale wampendezao tu, au wa kabila lake tu, au wa matajiri tu, amefanya ubaya kuliko kama angalinyamaza kabisa. Ndiyo sababu yafaa kufuata orodha ya majina, watoto watano kila siku, bila kumruka mtu. Tena mtoto mkorofi asiachwe nyuma, kwa maana huyo ndiye ahitajiye zaidi kujulikana.

Kuna na mpaka ambao haufai kuvukwa kamwe. Wapo watu wabaya waliotumia ukaribu wa shule kuwadhuru watoto, na mwaka 2010 Tume ya Kuwaajiri Walimu, ambayo wengi huijua kwa herufi TSC, ilitoa waraka wa kuwakinga wanafunzi na unyanyasaji wa kimapenzi. Kwa hiyo mazungumzo na mtoto yafanyike mahali pa wazi, chini ya mti au darasani mlango ukiwa wazi, mbele ya macho ya watu. Mwalimu aendapo nyumbani kwa mtoto, mzazi au mlezi awepo, na mwalimu mkuu awe na habari. Asimpe mtoto zawadi za siri, wala asimtume nyumbani kwake. Na akiambiwa jambo zito, kama vile kwamba mtoto anapigwa au anadhulumiwa, asiahidi kulificha. Amweleze mtoto kwa upole kwamba lazima asaidiwe, kisha alipeleke kwa mwalimu mkuu na kwa maofisa wa watoto. Ukaribu ulio mwema haukimbii nuru.

MWANAFUNZI WA MIAKA 84

Wengi watamkumbuka Mzee Kimani Maruge. Mwezi wa Januari mwaka 2004, akiwa na miaka 84, alikwenda katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akaomba kuandikwa katika darasa la kwanza. Alitaka kujifunza kusoma ili aisome Biblia mwenyewe. Ingalikuwa rahisi kumcheka na kumrudisha nyumbani. Lakini mwalimu mkuu, Bibi Jane Obinchu, alimpokea, na mzee yule akaketi pamoja na watoto ambao wangaliweza kuwa vitukuu vyake, amevaa sare ya shule na kaptura. Mwaka 2005 aliteuliwa kuwa kiranja mkuu, na mwaka ule ule akasafiri hadi New York kusema mbele ya watu wa Umoja wa Mataifa juu ya faida ya elimu ya bure. Hata alipofukuzwa na fujo za mwaka 2008 akakaa katika kambi ya wakimbizi, aliendelea kwenda shule. Alifariki mwaka 2009.

Mzee Maruge alikuja na sababu yake iliyo wazi, na akapata mwalimu aliyeisikiliza. Mtoto wa miaka saba naye ana sababu yake, ila hajui kuieleza. Mmoja ataka kusoma barua za kaka yake aliye mbali. Mwingine ataka kuwa dereva. Mwingine ataka tu sahani ya chakula cha mchana, na hilo nalo si la kudharauliwa, kwa maana lililomleta ndilo mwalimu awezalo kuanza nalo.

KAZI YA WAZAZI

Mwalimu hawezi kuivuta kamba hii peke yake. Mzazi asingoje kuitwa shuleni kwa ajili ya kosa au deni. Aende siku moja akiwa hana shauri baya, amsalimu mwalimu, amweleze mtoto wake ni wa namna gani: kwamba huogopa sauti kubwa, au kwamba sikio lake la kushoto halisikii vizuri, au kwamba tangu bibi yake alipofariki amekuwa mkimya. Maneno hayo machache yaweza kumwokolea mwalimu miezi ya kubahatisha. Na jioni, badala ya kumwuliza mtoto, "Umekuwa wa ngapi?" amwulize, "Leo umeuliza swali gani?" Mtoto aulizwaye hivyo kila siku hatakosa kutafuta swali la kuuliza.

Basi turudi katika lile darasa la watoto 60. Muhula umepita katikati. Mwalimu auliza tena habari ya hesabu za sehemu, kisha anyamaza, angoja. Mikono ya wale wanne imeinuka kama desturi. Mwalimu hawatazami bado, aendelea kungoja. Nyuma kabisa, karibu na ukuta, mtoto wa yule mama auzaye mahindi ainua mkono nusu, aurudisha, auinua tena. Mwalimu amwita kwa jina la kwao. Mtoto asimama, ajibu kwa sauti ndogo, "Robo tatu." Siku hiyo mwalimu aandikapo katika kitabu chake kwamba somo limefundishwa, atajua angalau mtoto mmoja zaidi aliyefundishwa, na kesho atamtafuta mwingine.